Mteja Akilipa, Jaribio Limekwisha

Ndugu wahitimu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wamiliki na wasimamizi wa saluni mliokubali mwaliko wetu, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi. Nimeombwa nizungumzie ajira. Ningeweza kuwapongeza wahitimu, nikawatakia heri na kuketi, lakini nisingekuwa nimewatendea haki, kwa sababu wengi wao wataanza kutafuta kazi juma lijalo, na jambo la kwanza watakalokutana nalo mlangoni ni lile ambalo hatukuwafundisha katika somo lolote. Wataambiwa, “Njoo Jumatatu tuuone mkono wako.”

Maneno hayo hayana ubaya. Kazi yetu ya urembo ni ya mikono, na hakuna cheti kinachoweza kumwonyesha mwenye saluni jinsi mtu anavyoishika ngozi ya mtu mwingine. Ninalolilalamikia ni kinachofuata baada ya Jumatatu hiyo, maana mara nyingi hakuna aliyesema jaribio litakwisha lini, nani atalipima, wala kwa kipimo gani.

Mimi nilipomaliza mafunzo niliitwa kwenye saluni moja, nikaambiwa wataniangalia kwa siku chache. Sikuuliza ni siku ngapi, kwa kuwa niliona kuuliza ni utovu wa adabu. Siku ya kwanza nilifua na kukunja taulo. Siku ya pili nilipewa mteja wa kusafishwa miguu. Kufikia siku ya tano nilikuwa nahudumia wateja sita au saba kutoka asubuhi hadi jioni, wa kucha, wa uso na wa kutolewa nywele kwa nta. Chungu cha nta kilikuwa na kidhibiti joto kibovu, kwa hiyo kabla ya kila mteja ilinilazimu niweke tone la nta upande wa ndani wa kifundo cha mkono wangu nipime kama haiunguzi, na siku zilivyosonga nikawa na mstari wa alama nyekundu zilizopangana kama shanga. Kila mteja alilipa kaunta bei kamili, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba anahudumiwa na mtu aliye katika majaribio. Jioni ya siku ya kumi na mbili msimamizi aliniambia kwamba nina mkono mzuri na kwamba nitapigiwa simu. Juma lililofuata nilipita nje ya saluni hiyo, na kupitia kioo nikamwona binti mwingine ameinamia miguu ya mteja, amevaa aproni ileile niliyoivaa mimi, yenye kiraka mfukoni nilichokishona kwa mkono wangu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilishindwa jaribio. Nilirudia akilini kila mteja niliyemhudumia nikitafuta kosa langu. Ni baadaye sana, nilipoanza kufundisha na wanafunzi wangu kunirudia na kisa hichohicho, kila mmoja kutoka saluni yake, ndipo nilipoelewa kwamba pale hapakuwa na jaribio. Palikuwa na nafasi ya kazi iliyojazwa na watu wanaopokezana bila mshahara. Fanyeni hesabu: saluni inayoita wasailiwa watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa wiki mbili kila mmoja, imepata wiki sita za kazi ya mtu mwenye mafunzo bila kutoa malipo yoyote, na ikiwa haina nia ya kumwajiri yeyote, inaweza kuendelea hivyo mwaka mzima, kwani kila muhula vyuo vinatoa wengine.

Kwa hiyo nasema, na ndilo jambo kubwa nililokuja kulisema: pale mteja anapolipa, jaribio limekwisha na kazi imeanza. Mtu anayemhudumia mteja anayelipa ni mfanyakazi, hata kama ni kwa saa moja, na saa hiyo ina ujira wake. Msimamizi akitaka kumpima msailiwa bila kumlipa, asichukue fedha kwa mikono ya msailiwa huyo.

Najua wamiliki waliopo hapa wana hoja, na si hoja za kubezwa. Mhitimu mpya anaweza kumuunguza mteja, anaweza kumpaka asidi kali ya kuchubua ngozi mtu mwenye ngozi isiyoistahimili, na mteja aliyeumia hatarudi wala hatanyamaza. Mwenye saluni anabeba kodi ya pango, umeme, bidhaa na jina lake. Wengine wamewafundisha vijana kwa miezi, kisha vijana hao wakaondoka na kitabu cha namba za wateja. Nimekuwa mwajiri pia, na nayajua maumivu hayo. Lakini hoja hizo zote zinadai jaribio lililo bora zaidi. Hakuna hata moja inayodai jaribio lisilo na mwisho. Kama kweli unahofia mteja wako ataunguzwa, kwa nini umkabidhi mtu usiyemjua siku ya pili tangu aingie, huku wewe uko kaunta?

Jaribio la kweli linatosha katika saa mbili au tatu. Msailiwa anamhudumia mtu wa kujitolea, ambaye anaweza kuwa mfanyakazi wa saluni au mtu aliyekuja naye mwenyewe, na msimamizi anakaa karibu akiwa na karatasi ya vipengele ambavyo wasailiwa wote watapimwa kwavyo. Mtu mwenye uzoefu anajua mapema sana alicho nacho mwenzake. Je, ameosha mikono kabla ya kugusa uso? Je, amemuuliza mteja kuhusu mzio, ujauzito, kisukari, dawa anazotumia na vipodozi alivyotumia juma hilo, na kuyaandika majibu kwenye fomu kabla ya kufungua chupa yoyote? Kijiti kilichogusa ngozi anakirudisha kwenye chungu cha nta, au anakitupa na kuchukua kingine? Akiombwa kupaka rangi kope, anakubali papo hapo, au anaeleza kwamba ngozi ijaribiwe kwanza kwa tone dogo nyuma ya sikio na kusubiriwa siku moja au mbili? Anayekataa kumhudumia mteja kwa sababu ameona jeraha au uambukizo ameonyesha ujuzi mkubwa kuliko aliyemaliza kazi yote haraka. Mambo haya yote huonekana kabla ya saa sita mchana, na wiki mbili za kufua taulo hazitayaonyesha zaidi.

Wapo watakaosema kwamba uvumilivu na tabia huhitaji muda mrefu kuonekana. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana sheria za kazi katika nchi nyingi zinaruhusu kipindi cha majaribio ndani ya ajira yenyewe, ambapo mtu ana mkataba, ana mshahara, na pande zote mbili zinajua tarehe ya kuamua. Kipindi hicho ni halali na ni cha busara. Kosa ni kuchukua jina lake na kuliweka juu ya kazi isiyo na mkataba wala malipo.

Niguse upande wa sheria kidogo, kwa sababu wahitimu wengi wanadhani haya ni mambo ya hiari ya mwenye saluni. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 95 wa kulinda mishahara mwaka 1949. Kifungu cha 14 kinataka mfanyakazi aelezwe masharti ya mshahara wake kabla hajaanza kazi, kwa namna inayofaa na inayoeleweka kwa urahisi. Kifungu cha 9 kinakataza kukata mshahara wa mtu ili fedha hiyo iwe malipo kwa mwajiri, kwa mwakilishi wake au kwa dalali, kwa ajili ya kupata kazi au kubaki nayo. Mikataba ya shirika hilo hufunga nchi zilizoiridhia, na kila nchi ina sheria zake za ndani, kwa hiyo mnapaswa kuuliza katika ofisi ya kazi iliyo karibu nanyi. Lakini angalieni mwaka: wazo kwamba mtu ajue mshahara wake kabla ya kufunga aproni limekuwapo angalau tangu 1949, na bado kuna wahitimu wetu wanaoona haya kuuliza.

Kifungu hicho cha 9 nakitaja kwa makusudi, kwa kuwa desturi ya pili inayowaumiza wanaoanza ni kulipia kazi. Mhitimu anaambiwa anunue sare mbili kwa mwenye saluni, na kwa bei ya mwenye saluni. Anaambiwa aje na vifaa vyake vyote, au avilipie polepole kutoka kwenye mshahara ambao bado haujatajwa. Anapelekwa siku moja kujifunza jinsi ya kutumia bidhaa za kampuni fulani, kisha anasainishwa karatasi kwamba akiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili atarudisha gharama ya mafunzo hayo, na gharama yenyewe haijaandikwa. Wengine huombwa vyeti vyao halisi “vitunzwe ofisini”. Vyeti halisi haviachwi kwa mtu, ndugu zangu. Onyesheni, acheni nakala, mrudi navyo nyumbani. Mhitimu ambaye cheti chake kimefungiwa katika droo ya mtu mwingine hawezi kwenda kuomba kazi pengine, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya droo hiyo kufungwa.

Kwa wale watakaotafuta kazi kwenye meli za kitalii au hoteli za nchi nyingine, hatari hii inakuja na dalali. Mkataba Na. 181 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1997, unaohusu wakala binafsi wa ajira lakini si wa mabaharia, unaweka kanuni kwamba wakala hamtozi mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Nchi inaweza kuruhusu hali chache za pekee, lakini kanuni ndiyo hiyo, na kwa kazi za melini kanuni kama hiyo imo katika Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006. Dalali anayedai fedha kabla ya kuwaonyesha mkataba wenye jina la mwajiri, aina ya kazi, saa na mshahara, msimpe fedha, na pasipoti msimpe kabisa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma mimi mwenyewe, nalo ni sura. Matangazo ya kazi katika fani yetu yamejaa maneno “awe na mwonekano mzuri”, “awe na umbo la kuvutia”, “atume picha mbili, moja ya mwili mzima”, “umri usizidi 25”. Niliwahi kuandika tangazo la namna hiyo. Nilipofungua saluni yangu niliandika kwamba namtaka mtu mwenye mwonekano mzuri, bila kufikiri zaidi, kwa sababu kila tangazo nililowahi kuliona lilisema hivyo. Walikuja wengi. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, mwenye makovu ya chunusi mashavuni, aliyerudi chuoni baada ya kulea watoto. Nilimwambia nafasi imejaa, nayo haikuwa imejaa. Miezi kadhaa baadaye mteja wangu mmoja, aliyekuwa amehangaika na madoa usoni kwa miaka, aliacha kuja kwangu, na nikajua kwamba anahudumiwa na mama yuleyule, katika chumba kidogo, na kwamba uso wake umetulia. Mama yule aliijua ngozi yenye chunusi kwa sababu alikuwa ameishi nayo. Nilimkataa kwa kile hasa kilichomfanya awe bora kwa kazi. Sijapata nafasi ya kumwomba radhi, na nayasema haya hapa ili asikatwe mwingine kwa kisu hichohicho.

Kuna na suala la rangi ya ngozi, ambalo husemwa kwa sauti ya chini na hutendwa waziwazi. Wahitimu wenye ngozi nyeusi zaidi wameniambia kwamba waliwekwa chumba cha nyuma huku wenzao weupe wakiwekwa mbele, au waliambiwa kwamba wateja hupenda mtu “anayeng’aa”. Hebu tuliangalie kwa jicho la ujuzi wetu. Ngozi nyeusi ikiunguzwa na nta au ikichubuliwa na asidi iliyozidi kipimo huacha doa linaloweza kudumu kwa miezi mingi, na kulizuia doa hilo kunahitaji mtu anayejua kupunguza nguvu ya dawa, kusubiri, na kumkinga mteja na jua. Huo ni ujuzi. Rangi ya anayeushika haihusiani nao. Mkataba Na. 111 wa mwaka 1958 unapinga ubaguzi katika kazi na ajira, ukiwemo ule wa rangi na jinsia, na unagusa tangu nafasi ya mafunzo hadi nafasi ya kuajiriwa. Unaacha yale ambayo asili ya kazi yenyewe inayadai. Asili ya kazi yetu inadai mikono safi, kucha fupi, nywele zilizofungwa na nguo nadhifu. Kumtaka mtu awe nadhifu ni haki ya mwajiri. Urefu wa mtu, unene wake au rangi aliyozaliwa nayo havimo katika unadhifu.

Wavulana waliohitimu nao wanakataliwa kwa kuambiwa kwamba wateja hawatawataka. Kwa huduma za sehemu za siri za mwili, mteja ana haki ya kuchagua ni nani amguse, na mwajiri anaweza kulizingatia hilo. Kwa kucha, uso na miguu sioni sababu.

Kuhusu maswali ya usaili nitasema kwa ufupi lakini bila kuficha. Mhitimu hapaswi kuulizwa kama ana mchumba, anapanga kuzaa lini, au kama yuko tayari “kuwaridhisha wateja” kwa maana ambayo anayeuliza anaijua. Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000, unaolinda uzazi, hautaki mwanamke anayeomba kazi adaiwe kipimo cha ujauzito, isipokuwa katika hali chache ambazo sheria ya nchi imezitaja. Na Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019, ulioanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unapinga ukatili na unyanyasaji kazini na unawataja waziwazi wanaotafuta kazi, wanaoomba kazi na walio mafunzoni. Fani yetu, hasa upande wa masaji, imebandikwa jina baya na watu wanaouza kitu kingine nyuma ya kibao cha saluni, na mzigo wa jina hilo unaangukia vijana wanaoanza. Chumba cha usaili kikiwa hakina mtu mwingine, na maswali yakaacha kazi yakaingia mwilini mwako, simama uondoke. Hujapoteza kazi hapo.

Lipo jingine lililoenea siku hizi, na linavaa nguo nzuri ya uhuru. Mhitimu anaambiwa, “Sisi hatuajiri, tunakupa kiti, wewe ni bosi wako mwenyewe, njoo na wateja wako.” Mhitimu mpya hana wateja, ndiyo kwanza ametoka darasani. Kisha anapangiwa saa za kuingia na kutoka, anavaa sare ya saluni, anatumia bidhaa za saluni, bei inapangwa na saluni, haruhusiwi kufanya kazi pengine, na siku isiyo na mteja anarudi nyumbani mikono mitupu, akidaiwa kodi ya kiti. Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema kwamba uhusiano wa kazi utambuliwe kwa mambo yanavyotendeka, hata kama karatasi inasema vingine, na linataja dalili kama hizo: nani anatoa maagizo, nani anapanga saa, nani analeta vifaa. Kukodi kiti ni njia halali na nzuri kwa fundi mwenye wateja wake wa miaka mingi. Kwa anayeanza, mara nyingi ni ajira ambayo mwajiri amelikimbia jina lake.

Hata lile sharti la “uzoefu wa miaka 2” ambalo hukatisha tamaa wengi, nadhani mzizi wake uko hapohapo. Kila saluni inataka mtu ambaye saluni nyingine imelipa gharama ya kumkomaza. Gharama hiyo ipo, sikatai, na ni lazima ibebwe na mtu. Kwa sasa inabebwa na mwenye uwezo mdogo kuliko wote, anayekuja kwa miguu, akiwa na deni la ada na mkoba wa vifaa alivyonunuliwa na wazazi wake. Sisi walimu tunahusika pia. Tunawapeleka wanafunzi kwenye mafunzo ya vitendo bila kumuuliza mwenye saluni atawafundisha nini, tunasaini kitabu cha saa zao, na mwanafunzi anarudi akiwa amejifunza kufagia. Chuo kikiandika na saluni kwamba mwanafunzi atafanya huduma kadhaa za kila aina chini ya macho ya fundi, na fundi huyo akasaini kila moja, mhitimu ataondoka na rekodi ya kazi ambayo mwajiri anaweza kuisoma, na hoja ya uzoefu itapungua nguvu.

Wamiliki wanne kati yenu mliopo hapa mmenikubalia kabla ya hafla hii kwamba jaribio lenu halitazidi saa tatu, litafanyika kwa mtu asiyelipa, na kwamba matokeo yatatolewa kwa maandishi ndani ya siku saba, hata kama jibu ni hapana. Sitawataja, kwa kuwa mmeomba kazi ianze kwanza. Wengine mnaotaka kujiunga, nitakuwa hapa hadi ukumbi ufungwe.

Na ninyi wahitimu, kwenye meza iliyo karibu na mlango kuna karatasi ya ukurasa mmoja. Ina nafasi ya kuandika jina la saluni, tarehe, saa ya kuanza jaribio, saa ya kumaliza, jina la anayekupima, huduma utakazofanya, kama mteja atalipa au la, na kama atalipa, wewe utapata kiasi gani. Chini kuna mistari miwili ya saini, yako na ya msimamizi. Ijazeni pamoja naye kabla ya kufunga aproni. Akikataa kusaini, andikeni kwamba amekataa, niletee nakala, na mwenzako anayefuata nitamwonyesha kabla hajapanda gari kwenda huko. Chukueni mbili mbili.